Saa ya Sitini na Shilingi ya Mia: Historia ya Hesabu ya Ujira Dar es Salaam

Tangu mwaka 1904 mji wa Dar es Salaam umekuwa ukihesabu fedha zake kwa mia na wakati wake kwa sitini, na baina ya hesabu hizo mbili amesimama karani wa mishahara, kalamu mkononi, akitakiwa kila mwisho wa juma au mwisho wa mwezi aigeuze moja kuwa nyingine bila ya kumpunja mtu. Kazi hiyo hudhaniwa na wengi kuwa ndogo, ya kuachiwa kijana aliyemaliza shule juzi. Walakini mtu akiifuatilia historia ya ujira katika mji huu, toka bandarini hadi Gerezani na toka Gerezani hadi maduka ya Kariakoo, ataona kwamba nukta moja iliyotiwa mahali pasipo pake inaweza kula jasho la watu mwaka baada ya mwaka, tena kimya kimya, pasipo aliyepunja wala aliyepunjwa kutambua. Nukta hiyo ndiyo maudhui yangu, na sioni haya kuieleza kwa kirefu, maana dhulma isiyokusudiwa humwacha mtoto na njaa sawasawa na ile iliyokusudiwa.

Seyyid Majid bin Said alipoanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, na hata baada ya Wajerumani kuhamishia hapa makao ya utawala wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, fedha iliyopita mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa na pesa 64. Idadi hiyo ina tabia njema: hugawanyika nusu, na nusu yake nusu, na robo yake nusu tena, hadi kufikia pesa moja pasipo kubakisha kitu. Wakati nao ulisemwa kwa namna iyo hiyo, na hata leo husemwa hivyo mitaani: saa mbili na robo, saa mbili na nusu, saa tatu kasorobo. Mtu aliyestahili robo tatu ya rupia alijua papo hapo kwamba ni pesa 48, na aliyeajiriwa robo tatu ya saa alijua kwamba ni dakika 45, na hakuhitaji karatasi wala kalamu kwa lolote katika hayo mawili. Hisabu ya fedha na hisabu ya wakati zilikuwa za ukoo mmoja. Tena zama hizo saa yenyewe ilikuwa haijawa bidhaa ya kuuzwa. Mpagazi alilipwa kwa safari, hamali kwa mzigo, fundi wa mawe kwa ukuta aliousimamisha, na siku ya kazi ilipimwa kwa jua na kwa adhana, mwanzo wake baada ya alfajiri na mwisho wake alasiri ikishapita.

Mwaka 1904 Serikali ya Kijerumani iliifuta hesabu ya pesa 64, ikaamuru rupia moja iwe na heller 100, na rupia 15 zilingane na mark 20 za Ujerumani, ili vitabu vya koloni visomeke pamoja na vitabu vya nchi yao. Baada ya vita vikuu vya kwanza Waingereza waliiondoa rupia, wakajaribu florin kwa muda mfupi mwaka 1920, kisha mwaka 1921 wakaleta shilingi ya Afrika Mashariki, iliyogawanywa kwa senti 100. Jambo hili lastahili kutazamwa vizuri, kwa kuwa shilingi ya Uingereza kwenyewe ilikuwa na peni 12, nayo ikabaki hivyo hadi mwaka 1971. Kwa hiyo muuza ndizi wa Dar es Salaam, mwenye sarafu yake ya senti kumi iliyotobolewa katikati hata ikawezekana kutungwa uzini, alihesabu kwa mia nusu karne kabla ya muuza magazeti wa London. Bali saa iliyotundikwa ukutani mwa duka haikuguswa na mageuzi hayo. Ilibaki na dakika zake 60, na toka hapo fedha na wakati vikaachana.

Hapana budi kuuliza kwa nini sitini ilidumu. Wanajimu wa Babeli ndio walioipenda hesabu hiyo, na Ptolemy wa Iskandaria akaipokea katika kitabu ambacho Waarabu walikiita Almajisti, na wanafalaki wa Kiislamu wakaihifadhi na kuitumia katika kupima mwendo wa jua, nyakati za sala na upande wa kibla. Fadhila yake ni kwamba sitini hugawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano, kwa sita, kwa kumi, kwa kumi na mbili, ilhali mia haina theluthi iliyo kamili wala sudusi. Upande wa pili ikaja hisabu ya Kihindi, yenye tarakimu tisa na sifuri, na wanavyuoni wakajitahidi kuoanisha njia hizo mbili. Mwaka 341 Hijria, yaani 952 au 953 Miladia, al-Uqlidisi aliandika kitabu huko Dameski ambamo sehemu za kumi zinaonekana zimekwisha kuandikwa kwa alama yake. Na karne karibu tano baadaye Jamshid al-Kashi, aliyekuwa akifanya kazi Samarkand chini ya mtawala Ulugh Beg, alikamilisha mwaka 1427 kitabu chake Miftah al-Hisab, akaeleza bayana jinsi ya kuzigeuza sehemu za sitini kuwa sehemu za kumi, na za kumi kuwa za sitini. Miaka mitatu kabla ya hapo, alipokuwa akitafuta uhusiano wa mzingo wa duara na nusu kipenyo chake, aliutoa kwanza kwa sitini, kisha akaugeuza kuwa tarakimu 16 baada ya nukta. Karani wa Mtaa wa Msimbazi anayegawa dakika 45 kwa 60 na kupata 0.75 anatenda lile lile alilolitenda al-Kashi, na ningependa makarani wetu walijue hilo, ili wasidhani kwamba kazi yao ni ya kunakili tu.

Wako pia waliotaka kuimaliza taabu hii kwa kuibadili saa yenyewe. Wafaransa, katika mapinduzi yao, waliamuru mwezi Novemba 1793 kwamba siku iwe na saa 10, saa iwe na dakika 100, na dakika iwe na sekunde 100. Mafundi wakatengeneza saa za namna hiyo. Na mwezi Aprili 1795, mwaka mmoja na nusu haujatimia, amri ikasimamishwa, kwa sababu wenye saa za kale hawakuwa tayari kuzitupa. Kipimo cha urefu na kipimo cha uzito vilikubali kugawanywa kwa kumi, na dunia karibu yote ikavifuata. Wakati ulikataa.

Turudi Dar es Salaam. Kwa miaka mingi baada ya 1904 tofauti hii haikumdhuru mtu hapa, kwa kuwa ujira ulihesabiwa kwa siku, si kwa saa. Utaratibu uliotawala, hasa katika mashamba ya mkonge, toka zama za Wajerumani hadi za Waingereza, ulikuwa wa kipande: kadi yenye nafasi 30, kila nafasi ikitiwa alama siku moja ya kazi ilipokamilika, na mshahara ukitolewa zilipotimia zote, hata ikiwa zimechukua mwezi na nusu. Siku isiyokamilika kwa hesabu ya msimamizi haikuhesabiwa kabisa. Kwa hiyo mfanyakazi wa zama hizo hakuibiwa dakika. Aliibiwa siku nzima, na huo ni msiba mkubwa zaidi, lakini ulikuwa msiba aliouona kwa macho yake, kwa kuwa nafasi tupu kwenye kadi haifichiki. Hata Kariakoo yenyewe imerithi jina lake kwa watu wa ujira wa namna hiyo, maelfu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopigiwa kambi hapo wakati wa vita vikuu vya kwanza, katika jengo ambalo Wajerumani walikuwa wamelianza na ambalo baadaye likawa soko.

Saa iliingia katika ujira kwa mlango wa mashine na wa bandari. Huko Marekani, katika jimbo la New York, Willard Bundy alikuwa ametengeneza mwaka 1888 mashine ya kupiga chapa muda ambao mfanyakazi ameingia na kutoka, na kampuni zilizotokana na uvumbuzi huo ziliungana na nyingine hata ikazaliwa ile inayojulikana leo kwa jina la IBM. Kadi iliyopigwa chapa haisemi siku. Husema saa na dakika, na karani hana budi kuzigeuza kuwa fedha. Katika bandari ya Dar es Salaam, ambako makuli waliajiriwa asubuhi na kuachishwa jioni, meli haikungoja siku itimie. Ilipomaliza kupakuliwa kazi ilikwisha, na ilipochelewa kazi iliendelea usiku. Mambo ya ujira na masharti ya kazi yaliwafanya makuli hao wagome mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mwezi Septemba 1947 mgomo wao ulipanda reli ya kati ukaenea bara. Katika chama kilichozaliwa baada ya mgomo huo, Abdulwahid Sykes alikuwa katibu; naye ndiye baadaye aliyekuwa mkuu wa soko la Kariakoo, na mmoja wa walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1950 makuli waligoma kwa mara nyingine, ghasia zikazuka, na chama chao kikavunjwa. Lakini mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vilikusanyika katika shirikisho moja, Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu, na dai la kima cha chini cha mshahara likapata sauti isiyonyamazishika.

Nalo lilijibiwa mwaka 1957. Amri ya kima cha chini iliyowekwa kwa mji wa Dar es Salaam haikusema siku wala kipande. Ilisema saa, na bei ya saa moja ya mtu mzima ikawa senti 42. Mtu akizidisha saa 45 za juma kwa majuma 52, akagawanya kwa miezi 12, atapata saa 195. Na saa 195 kwa senti 42 ni shilingi 81 na senti 90, ndiyo maana kima hicho kilijulikana kuwa yapata shilingi 82 kwa mwezi. Nimeipima mara nyingi hesabu hiyo, na kila mara naona uzuri wake, maana senti 42 zikigawanywa kwa dakika 60 hutoa sehemu saba za kumi za senti kwa dakika moja, yaani senti saba kamili kwa kila dakika kumi. Hata mtu asiyejua kusoma angeweza kuhesabu ujira wake kwa vidole: dakika kumi, senti saba, dakika ishirini, senti kumi na nne, nusu saa, senti ishirini na moja.

Ila karani hakuhesabu kwa vidole, alihesabu kwa daftari, na hapo ndipo ilipo nukta yangu. Tuchukue ukurasa mmoja wa daftari la mahudhurio, wenye mistari myekundu ya kusimama: safu ya jina, safu ya kuingia, safu ya kutoka, safu ya jumla. Mtu amefanya kazi saa saba na dakika arobaini na tano. Karani huandika 7.45, kwa kuwa ndivyo watu wengi walivyozoea kuandika saa, kwa nukta. Na hadi hapo hajakosea. Kisha hupeleka macho kwenye safu ya fedha, ambako 7.45 ina maana nyingine kabisa, huzidisha 7.45 kwa 42, na mkono wake haushtuki, kwa kuwa tarakimu ni zile zile na nukta ni ile ile. Saa saba na robo tatu, ambazo ni 7.75, zimekwisha kuwa saa saba na dakika ishirini na saba. Robo tatu ya saa iliyostahili senti 31 na nusu imelipwa senti 18 na sehemu tisa za kumi. Likiendelea hivyo siku 26 za kazi, mtu huyo amepoteza karibu shilingi tatu na senti 28 katika mshahara wa shilingi 82, na hakuna hata tarakimu moja ambayo mkaguzi anaweza kuinyooshea kidole akasema hii imefutwa, hii imebadilishwa.

Tabia ya kosa hili ina kanuni, na kanuni yenyewe si ngumu. Dakika zikisomwa kwa mia badala ya sitini, hupotea sehemu mbili katika tano za dakika hizo: nusu saa hupunguka dakika 12, robo tatu hupunguka dakika 18, dakika 50 hupunguka dakika 20. Halijatokea wala halitatokea hata mara moja kwamba kosa hilo limzidishie mfanyakazi muda aliofanya kazi. Makosa mengine ya hesabu huenda huku na huku, leo yakimfaa mwajiri na kesho yakimfaa mwajiriwa, na mwisho wa mwaka hukaribiana. Hili huenda upande mmoja tu. Mtu mwenye insafu atasema kwamba katika kukata fedha za uchelewaji huenda kinyume, kwa kuwa aliyechelewa nusu saa hukatwa 0.30 mahali pa 0.50, na hilo ni kweli; lakini ni siku ngapi mtu huchelewa, na ni siku ngapi hufanya kazi?

Wako wanaodhani kwamba shida yetu inatokana na saa ya Kiswahili, inayoanza hesabu maawio na machweo, ilhali mashine na barua za ofisi hufuata saa ya Kizungu. Dhana hiyo si sahihi, na karani mzoefu wa Kariakoo atakubali kwamba kwa kazi ya mchana saa yetu ni nyepesi zaidi. Aliyeingia saa 1:15 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, hesabu yake ni kutoa tu: saa 9 na dakika 45; ukiondoa saa moja ya mapumziko hubaki saa 8 na dakika 45, yaani 8.75. Kwa saa ya Kizungu mtu huyo ameingia saba na robo na kutoka tano, na karani sharti kwanza aongeze kumi na mbili ndipo aweze kutoa. Muda uliopita kati ya vituo viwili haubadiliki kwa namna ya kuviita vituo hivyo, mradi vyote viwili viitwe kwa lugha moja. Hata saa rasmi za serikali zimewahi kusogezwa bila ya kumgusa mtu ujira wake: wakati mmoja Afrika Mashariki ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, ambazo kwa desimali ni 2.75, na baadaye ikawa na saa tatu kamili. Mnara wa Saa uliosimamishwa mwaka 1961 katika makutano ya barabara katikati ya mji, kwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji, umewahudumia sawasawa wanaosema saa mbili na wanaosema saa nane.

Baada ya uhuru bei ya saa ilipanda. Kuanzia mwaka 1963 kima cha chini cha Dar es Salaam kiliwekwa shilingi 150 kwa mwezi. Mwaka 1966 shilingi ya Tanzania ikachukua mahali pa shilingi ya Afrika Mashariki, nayo ikabaki na senti zake 100. Wizara ya Fedha ilikuwa imepata kompyuta yake mwaka 1965, mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini. Kwa hiyo wakati soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilipofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1975, makarani wa mji huu walikuwa wangali wakihesabu kwa kalamu na kwa mashine ndogo za mezani. Daftari la mistari myekundu liliishi miaka mingi zaidi hapa kuliko kwingineko, na mazoea yake, mema na mabaya, yakarithishwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ndiyo inayotawala leo, na mimi naiona kuwa sheria iliyoandikwa na watu waliojua thamani ya saa. Imeweka siku sita za kazi kwa juma, saa 45 kwa juma, na saa tisa kwa siku kuwa ndio ukomo wa kawaida. Imempa mapumziko ya dakika zisizopungua 60 yule afanyaye kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Imeamuru saa ya ziada ilipwe moja na nusu ya kawaida, na saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne. Imeongeza asilimia tano kwa kila saa ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ili kupata bei ya saa kutoka mshahara wa mwezi, jedwali lake limeelekeza kugawanya kwa 4.333, kisha kwa saa za juma, na 4.333 kwa 45 ni zile zile saa 195 za mwaka 1957, pungufu ya chembe. Vizazi vitatu vya wafanyakazi vimegawanyiwa mishahara yao kwa idadi moja.

Basi tazama jinsi kosa lilivyo tayari mlangoni. Saa 45 zikigawanywa kwa siku sita ni saa 7.5 kwa siku, yaani saa saba na dakika thelathini. Karani akiandika 7.30 na kuijumlisha mara sita kama fedha, hupata 43.8, na mtu aliyetimiza juma zima la kisheria huonekana ana deni la saa moja na dakika kumi na mbili. Saa za ziada ndizo huumia zaidi, kwa kuwa aghalabu ni za vipande. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 iliweka kima cha chini cha biashara na viwanda kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, mara elfu moja ya ile 150 ya mwaka 1963. Bei ya saa yake ilikuwa shilingi 769 na senti 23, na bei ya saa ya ziada ilikuwa shilingi 1,153 na senti 85. Mchukue msaidizi wa duka la vitambaa Mtaa wa Kongo, ambaye kila siku hubaki robo tatu ya saa akikunja majora na kufunga stoo baada ya wateja kuondoka. Kwa bei hiyo, robo tatu yake ni shilingi 865 na senti 38. Ikiandikwa 0.45 ni shilingi 519 na senti 23. Kwa siku 26 tofauti ni shilingi 9,000 kamili, nayo ni asilimia sita ya mshahara wake wote wa mwezi.

Kompyuta hazikuliondoa kosa hili, zimelihamisha. Katika programu ya Excel, ambayo ndiyo daftari la ofisi nyingi za katikati ya mji, mtu akiandika 7:30 kwa nukta mbili, programu huielewa kuwa ni sehemu ya siku, yaani 0.3125, na ukiizidisha kwa bei ya saa moja kwa moja utapata ujira mdogo wa ajabu. Ni sharti uizidishe kwanza kwa 24 ndipo upate 7.5. Kosa hilo angalau hujitangaza, kwa kuwa hakuna atakayekubali kulipwa shilingi 240 kwa siku nzima. Lakini akiandika 7.30 kwa nukta moja, programu huitii kama ilivyoandikwa, na lile kosa la kale huendelea likiwa limevaa mavazi mapya, tena limepata heshima, kwa maana watu huamini kilichochapwa kuliko kilichoandikwa kwa mkono.

Liko pia jambo la kukadiria, ambalo kwalo hata karani hodari hupunguza pasipo kujua. Dakika 20 ni theluthi ya saa, na mia, kama nilivyotangulia kusema, haina theluthi kamili. Mwenye kuandika 0.3 kwa kila dakika 20, siku 26, atapata saa 7.8, mwenye kuandika 0.33 atapata 8.58, ukweli ni dakika 520, ambazo ni saa 8 na dakika 40, yaani 8.667. Yule wa kwanza amepunguza dakika 52, na wa pili dakika tano. Njia salama ni moja: dakika zijumlishwe zikiwa dakika, mwezi mzima, na kugawanya kwa 60 kufanywe mara moja tu, mwishoni, kabla ya kuzidisha kwa bei. Hata shamba la dakika likiwa kubwa namna gani, mavuno yakipimwa mara moja hupungua kidogo kuliko yakipimwa kila jioni.

Sheria hiyo ya 2004 imemtaka mwajiri aambatanishe malipo na maelezo ya maandishi, na mimi nawaomba waajiri na makarani wa Kariakoo, wa Gerezani, wa Mnazi Mmoja na wa mji wote, waongeze kitu kimoja katika hati hiyo ya mshahara: saa ziandikwe kwa namna mbili, zikikaa bega kwa bega, saa na dakika upande mmoja na desimali upande wa pili, mathalan saa 19 dakika 30, 19.50. Safu moja zaidi haigharimu wino wa kutajika. Nanyi mnaolipwa kwa saa, wekeni hesabu yenu wenyewe, mwisho wa mwezi mjumlishe dakika zenu, mzigawanye kwa sitini, na tarakimu mtakayopata mkaiweke mezani mbele ya karani kabla ya kutia sahihi.